Fiwi za Mama

Mama alinipa kibuyu kizima, na hilo ndilo linaloniuma. Fiwi zake, jamii ya maharage ya kutambaa yenye maua ya zambarau, alizipata kwa mama yake, naye kwa mama yake. Kwetu Uluguruni shamba hufuata ukoo wa mama, na mbegu hufuata shamba. Kila msimu alibakiza kiasi kwenye kibuyu, juu ya meko, moshi uzilinde na wadudu. Mwaka ule hakubakiza.

"Zipande zote, watu wa mjini nao wazione," alisema. "Ila unirudishie mbegu."

Kikundi chetu cha mtaani kilikuwa kimesafisha jalala moja kando ya mto, Morogoro mjini, tukaligeuza bustani. Mchoraji mmoja alitupangia mimea ya zamani iwe picha ya milima: magimbi chini, mchicha mwekundu katikati, na fiwi zangu juu kabisa, zimetambaa kwenye miti, ziwe kilele. Zilipochanua, nyuki walijaa, wakaja na ndege wadogo ambao sikuwahi kuwaona mjini tangu utoto wangu. Watu wakawa wanasimamisha bodaboda wapige picha. Nilivimba kichwa, sina haja ya kuficha.

Siku ya uzinduzi wa bustani ikaahirishwa, kisha ikaahirishwa tena, eti mgeni rasmi ana safari. Maua yakaanza kugeuka maganda. Mchoraji akasema ukikata maganda machanga, mmea unatoa maua mengine. Kweli unatoa. Basi kila asubuhi nilipita na mkasi nikayakata, nikayapeleka nyumbani tukala. Nilijiambia ya mwisho nitayaacha yakomae. Baada ya uzinduzi jua likawaka, pampu ya maji ikaharibika, na fiwi zikakauka na maua yake. Nilikagua mti mmoja mmoja. Sikupata hata ganda moja lililokomaa.

Hapo ndipo nilipopaswa kupanda mlimani nikamwambie mama. Sikusema. Nilikwenda sokoni nikanunua fiwi za rangi ileile, nikazitia kwenye kibuyu. Mama ana mtoto wa jicho kote kuwili. Nilijua hilo, na nililitegemea. Aibu yangu yote iko hapo.

Alizipapasa, akashukuru, akapanda. Nilipokwenda kumsalimia, zilikuwa zimechanua maua meupe uani kote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeziona fiwi za bibi yako? Zimekubali."

"Nimeziona, mama."

Dada zangu wanaishi mbali. Hakuna aliyekuwapo wakati wa maua. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, nikajichukia kwa kushukuru.

Mwezi uliopita mama alituita mabinti wote wa ukoo. Alisema macho yanakwisha, hataki mbegu ipotee mikononi mwake. Akamimina fiwi kwenye ungo, akawasimulia wajukuu jinsi bibi yake alivyolala na njaa, na watoto wake wakalala na njaa, lakini hizi asizipike. Msichana mmoja alifuta machozi.

Kisha akagawa, kila mmoja konzi moja. Mimi alinipa mbili. Aliwaambia wote kwamba nimestahili, kwa kuwa ni mimi niliyezipeleka mjini zikaonekana, nikazirudisha salama. Nikapiga goti, nikazipokea.