Viwiko Vikavu

Nilikuwa na miaka tisa, tukikaa Isaka karibu na stesheni, nilipoamini kwamba macho yangu yamemlaza mtu kitandani.

Mtu huyo alikuwa Shabani, mtoto wa shangazi yangu. Shangazi alifariki huko Kharumwa, na Bibi, mama mzazi wa baba, akamchukua mjukuu wake tukae naye. Alikuja na shuka moja. Katika miezi michache alikuwa amenipita chuoni, mimi niliyeanza Qurani miaka miwili kabla yake. Sauti yake iliwasimamisha watu njiani. Jioni aliposoma, Bibi aliacha kupepeta mchele ili amsikilize. Nilipoanza kusoma mimi, ungo uliendelea.

Maulidi ilipokaribia, mwalimu alimchagua Shabani afungue kwa Qurani, na baba akamshonesha kanzu. Nilimtazama akiijaribu. Kwetu, ukiona cha kupendeza lazima useme mashaallah, umkumbuke aliyekitoa, la sivyo jicho lako linaweza kudhuru. Nililijua hilo. Nilifunga mdomo makusudi.

Siku ya tatu homa ilimpanda na sauti ikamkauka kabisa. Mganga wa zahanati alitoa vidonge. Bibi alivipokea kwa shukrani, akamnywesha, kisha akaweka beseni mlangoni.

"Kila aliyemtazama mtoto huyu anawe humu uso, mikono hadi viwiko, na miguu," alisema. "Maji tutammwagia mgonjwa. Simwulizi mtu kitu."

Baba alinawa. Mama alinawa. Jirani yetu Mama Limi, Msukuma na Mkristo, aliyekuja kumjulia hali, naye akapandisha mikono ya gauni.

"Mie, Mama Ramadhani," alimwambia Bibi, akimwita kwa jina la baba yangu, "nilitamani nimwibe kabisa! Nipe hiyo kata."

"Wewe ungemshindilia ugali mpaka asahau kusoma," Bibi alimjibu, na wote wakacheka.

Mimi sikucheka. Niliona kunawa ni kukiri. Tena kulikuwa na jambo baya zaidi: sikutaka sauti ile irudi kabla ya Maulidi. Nilichovya vidole, nikajipangusa, nikatoka.

Bibi alinifuata uani.

"Viwiko vyako vikavu."

Niliificha mikono nyuma.

"Mimi nimeona viwiko tu, ng'wana wane, mwanangu. Mengine kayaona Mungu. Unataka nini alicho nacho mwenzako?"

Nilidhani nitasema kanzu. "Nataka na mimi nikisoma uache kupepeta," nilisema, nikalia.

Nadhani lilimuuma. Kisha akasema, "Basi mwambie Yeye hivyo hivyo, usipambe. Halafu mwombee Shabani apone."

"Na kama sitaki apone?"

"Mwambie na hilo."

Nilimwambia. Nikarudi kwenye beseni nikanawa hadi viwiko. Maji yalipomwagwa mgongoni, Shabani aliruka kwa baridi na kutukunjia ngumi, maana matusi yalikataa kutoka.

Homa ilishuka baada ya siku mbili, lakini sauti haikuwahi Maulidi. Nilisoma mimi, ndani ya kanzu yake. Kila nilipokwama nilimwona pale mbele akinisomea kwa midomo, aya kwa aya. Nilipata nilichokitaka, nikaona aibu ambayo sijaisahau.

Kama ni vidonge au ni maji yaliyomponya, sijui. Nimesoma hadi chuo kikuu na bado sijui. Ninachojua ni kwamba Bibi hakuniamuru niache wivu. Alinionyesha wa kumpelekea.

Mwaka jana mke wangu, Mwajuma, alifariki. Shabani alikuja kunipa pole pamoja na mkewe. Wakiwa wanazungumza, mkewe alinyoosha mkono akamwekea sawa ukosi wa shati bila hata kumtazama, kama jambo la kila siku. Nilichomwa kiasi kwamba nilishindwa kuendelea kukaa. Wakati ule nilimchukia Shabani kama nilivyomchukia utotoni, na sababu zangu zilikuwa nzuri zaidi.

Nilitoka nje, nikamwambia Mungu kwamba ninamwonea Shabani wivu, na kwamba ninamtaka Mwajuma. Kisha nikamwombea mke wa Shabani umri mrefu. Mara ya kwanza yalikuwa maneno matupu. Nilirudia, nikarudia tena, mpaka nikaona ninayataka kweli, ndipo nikaingia ndani kukaa nao.