Mteule wa Babu Mkongojo

Nilipokuwa mtoto pale Shella, Malindi, mzee niliyempenda kuliko wazee wote hakuwa na nyumba, mke wala kaburi. Aliishi kinywani mwa Bibi yangu, mzaa mama, na alitoka humo kila siku baina ya magharibi na isha, Bibi akiwa ameketi barazani anasuka ukili wa mkeka na sisi wajukuu tumemzunguka. Jina lake Babu Mkongojo. Nasema nilimpenda, na ndiyo kweli, lakini leo nikimkumbuka kinachonijia kwanza si mapenzi, ni wivu. Nina miaka arobaini na ushei na bado roho inaniuma. Anayetaka kunicheka na anicheke.

Ndevu zake zilimfika kitovuni, na ndani yake walilala chiriku. Akimkazia macho mtu mwongo, mwongo hushikwa na kwikwi mpaka aseme kweli. Alijua lugha ya kunguru, kwa hiyo hapakuwa na habari iliyompita. Akiupiga mkongojo wake ardhini, kisima cha maji ya chumvi hugeuka kitamu, na kwetu sisi tuliokuwa tukinywa maji ya visima yanayokausha ulimi, uwezo huo ulikuwa mkubwa kuliko wa kuruka angani. Bibi alisema mzee huyo hulala katika magofu ya Mnarani. Kila tulipokwenda kwa mjomba Kikambala, tukishavuka daraja la Kilifi mimi nilibandika uso kwenye kioo cha gari nikimtafuta.

Wako watu wanaodhani watoto hupenda wazee wa namna hii kwa ajili ya miujiza yao. Miujiza ni kiungo tu, mchuzi wenyewe ni mwingine. Huku kwetu mzee akiwa na mvi nyingi na macho mekundu, haikawii kusemwa kuwa ni mchawi, na huko mashambani wapo waliopoteza roho zao kwa neno hilo. Babu Mkongojo alikuwa mzee mwenye mambo yasiyoelezeka ambaye mtoto angemkimbilia badala ya kumkimbia. Halafu alikuwa na uwezo mmoja uliopita yote, na ndio ulioniweka macho usiku kitandani. Alikuwa akichagua.

Kila hadithi ilianza hivyo. Aliingia mji fulani amevaa matambara, midomo imekauka, akaomba maji. Mabwana wakajifanya hawakusikia, mabibi wakafunga madirisha. Mwishowe mtoto mmoja, tena yule asiyehesabiwa na mtu, alimletea maji. Mzee akanywa, akajifuta ndevu, akamtazama vizuri. "Ni wewe," akasema. "Nimekutafuta siku nyingi." Basi mtoto huyo aliondoka naye, na mambo yakawa mambo.

Mimi nilikuwa wa tatu kati ya watoto sita. Hakuna aliyewahi kunitafuta ila kukiwa na chumvi ya kununuliwa dukani. Maneno yale ya mzee niliyasema peke yangu nikiosha vyombo, nikibadilisha sauti, nikijijibu.

Sasa, Bibi alikuwa na itikadi yake kuhusu hadithi hizi, na alituambia waziwazi. Alisema Babu Mkongojo ana mwenyewe mmoja kwa wakati mmoja. Hadithi zake wote wanaweza kuzijua, lakini ataitika kwa yule tu aliyetemewa mate ya baraka na mwenye kumiliki. Wengine wakihadithia, yatatoka maneno matupu. Yeye mwenyewe alitemewa na nyanya yake kule Pate alipokuwa mwari. Mwaka uliofuata akaolewa Malindi, wala hakumtia mama yake machoni tena mpaka mama akafa. "Mwenye Mkongojo hakai kwao," alikuwa akisema, huku mikono yake ikiendelea na ukili. "Yule mzee humwondoa amtakaye." Sisi tulidhani ni mapambo ya hadithi. Mimi hasa sikuona kitisho chochote hapo. Kuondolewa ndiko nilikokuwa nakutaka.

Kisha kulikuwa na Rehema.

Rehema ni mtoto wa mjomba, yule wa Kikambala aliyekuwa akifanya kazi katika hoteli ya ufuoni. Rika langu hasa. Shule zikifungwa alikuja kwetu na sanduku dogo la rangi ya waridi, na kuanzia siku hiyo nyumba ikawa yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mimi mwenyeji sikupona, niliugua. Rehema akipakuliwa, hupakuliwa paja la kuku. Rehema hakutumwa dukani, eti atapotea. Na mbaya zaidi, wakati wa hadithi alikuwa analala. Namhakikishia msomaji kwa kila kiapo: Babu Mkongojo yumo pangoni anapambana na zimwi la vichwa vitatu, na Rehema yuko mapajani mwa Bibi, mdomo wazi, anakoroma. Asubuhi ni mimi niliyemhadithia kipande alichokikosa, naye akisikia mahali pazuri alisema, "Hapo mimi nilipasikia."

Mwaka tulioingia darasa la sita miguu ya Bibi ilivimba akashindwa kwenda mbali na baraza. Alhamisi moja alitangaza kuwa kesho yake baada ya alasiri atamtoa Babu Mkongojo mikononi mwake kabla mauti hayajamfumania. Hakusema atamtoa kwa nani. Usiku huo sikulala. Rehema alilala.

Ijumaa, adhana ya alasiri ilipokwisha, Bibi aliniita.

"Mwanaisha, mke mwenzangu," alisema, kwani ndivyo alivyozoea kunitania, eti tunamgombania marehemu babu. "Chukua bakuli hili la kauri, uniendee maji kisima cha msikitini. Lakini usiyatue chini njiani, na usimpe mtu kuyashika, mpaka unifikishie mwenyewe."

Jamani, ningeelewa nini hapo? Mzee ana kiu, mtoto analeta maji. Kila hadithi niliyowahi kuisikia ilikuwa na njia moja, nami nilikuwa nimewekwa juu yake. Nilichota, nikalishika bakuli kwa mikono miwili, nikarudi nikitembea kama bibi harusi. Jirani yetu mmoja alinisalimu nikamjibu bila kugeuza shingo. Mwenzangu mmoja wa chuo cha Kurani akanitania, "Unabeba nini, roho ya mtu?" Nikampita. Mikono iliwaka moto, jasho likaniingia machoni, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena, hata siku nilipoolewa.

Barazani walikuwa wamekaa Mama, mjomba, na shangazi zangu wawili. Nilimkabidhi Bibi bakuli. Alilipokea, akanitazama muda mrefu, akanishika shavu. Nikafumba macho nisubiri.

"Rehema," alisema Bibi. "Njoo, mwanangu."

Nilifumbua macho nikamwona Rehema akiinuka kutoka kwenye mkeka, anajipangusa usingizi. Bibi alisoma dua kimoyomoyo, akaingiza maji kinywani, maji yangu mimi, akamtemea kifuani, kisha kwenye paji la uso. Shangazi mmoja akapiga kigelegele. Rehema alicheka kwa sababu maji yalikuwa baridi. Kazi ikawa imekwisha.

Nililia jikoni mpaka sauti ikanikauka. Nilimwambia Mama kuwa Bibi ni mwongo, kuwa Babu Mkongojo akimkazia macho, Bibi atashikwa na kwikwi. Mama alinisikiliza huku akikuna nazi, akanipa jawabu alilokuwa nalo kwenye kanga yake: wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Bibi mwenyewe nilipomwuliza, aliniambia, "Mpewa hapokonyeki," akageuza uso ukutani. Mimi nimeshiriki wivu huo miaka thelathini, na wala sijakonda.

Yaliyofuata yalikwenda kama Bibi alivyosema, neno kwa neno. Rehema, aliyekuwa akisinzia, alianza kuhadithia shuleni kwao na walimu wakaacha chai yao ili wamsikilize. Alikwenda kusoma Nairobi, kisha akapelekwa Kanada, akaolewa huko. Bibi alipofariki hakuwahi maziko. Mjomba na mkewe walizeeka wakimwona kwenye simu. Na huko kwenye theluji Babu Mkongojo aliota mabawa: Rehema ameandika vitabu juu yake, vya Kiingereza na vya Kiswahili, mzee wa ndevu na chiriku wake na kunguru wake, na watoto wanavigombania. Binti yangu mwenyewe alirudi navyo kutoka shule akaniuliza, "Mama, unamjua huyu babu?"

Namjua. Nilimlisha Bibi uji miaka tisa. Nilimwosha miguu, nilimgeuza ubavu, na kila jioni alinihadithia tena hadithi zote, hata zile Rehema asizowahi kuzisikia. Lakini nilipojaribu kuwahadithia wanangu, mzee hakutoka. Wanangu walinivumilia kwa adabu, kama mtu anavyomvumilia mgonjwa. Sijui ni mate au ni mimi. Siku hizi sijaribu.

Mwaka juzi tulikuwa tunachambua mchele, mimi na Mama, redio ikamtaja Rehema. Nikasema maneno yangu ya siku zote, kwamba Bibi alikosea mtu. Mama naye sasa ni mzee, na wazee hufika mahali wakachoka kufunga midomo.

"Mama yangu hakukosea," alisema. "Aliniambia usiku wa Alhamisi ile. Alisema, yule mzee humwondoa mtu. Huyu wa Kikambala akiondolewa nitahuzunika, lakini nitaishi. Mwanaisha akiondolewa nitakufa. Simtoi Mwanaisha."

"Na maji, kwa nini alinituma mimi?"

"Alitaka yatoke mkononi mwako. Alisema hiyo ndiyo ilikuwa haki yako, kwani wewe ndiye uliyestahili."

Mtu angetarajia kidonda kipone hapo. Mimi nilikasirika upya. Kwa hiyo nilipendwa, na kwa kupendwa nikanyimwa, wala hakuna aliyeniuliza. Mzee wa hadithini huwachagua wale wanaofaa. Bibi alimchagua yule ambaye yeye Bibi angeweza kuishi bila kumwona, mimi akanifungia ndani pamoja na mapenzi yake. Niliuacha ungo nikatoka nje. Baadaye, nikiwa uani naanua nguo, wazo jingine likanijia, na hilo ndilo lililonitisha: sasa nilikuwa na neno moja la kumwambia Rehema, na neno hilo lingetosha kumvunja.

Desemba iliyopita alikuja. Alialikwa na shule moja ya Kilifi, na watoto walimzingira mpaka walimu wakaingilia kati. Mtoto mmoja aliuliza jinsi mtu anavyompata Babu Mkongojo, Rehema akasimulia ile Ijumaa yote, maji, mate, kigelegele. Katika masimulizi yake maji yaliletwa tu, hayakuwa na mletaji. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma na mkoba wake mapajani.

Usiku alilala kwetu. Tulikula, tukaketi barazani pale pale. Nilimwona amepungua. Alisema huko aliko hana mtu wa kumwita kwa jina la utotoni, kwamba ndoa yake imekwisha na hajawaambia wazazi, kwamba kuna siku anaamka hajui anaishi kwa ajili ya nini.

"Nikifika hapo naikumbuka siku ile," alisema. "Wajukuu wote wale, Bibi akaniita mimi. Basi nainuka kitandani." Akanigeukia. "Mwanaisha, wewe uliishi naye. Hakuwahi kukuambia kwa nini alinichagua?"

Neno lilikuwa ulimini. Sitajisifu wema nisio nao, nililionja, na lilikuwa tamu. Nilimtazama usoni, mwanamke wa rika langu mwenye vitabu dukani na watoto wa watu wanaomshangilia, amekaa kwenye baraza langu ananingoja nimwambie.

"Alikuambia?"

"Aliniambia," nilisema. "Alikupenda wewe kuliko sisi sote."

Rehema aliegemea ukuta, akafumba macho, akapumua.

"Nilikuwa najua," alisema.

Nikaokota sahani, nikaenda zangu jikoni.