Leo nimekatisha jiwe la Mama Riziki

Wandugu, leo nimefanya kitu kibaya na roho inanilaumu.

Niko namalizisha jikoni yangu hapa Walikale. Fundi alileta kipande cha jiwe la kiwanda kutoka Goma, lile la unga wa mawe na gundi, kwa meza ya kupikia. Mimi nikataka kwanza kulinganisha na jiwe la kweli.

Nyuma ya nyumba kulikuwa jiwe moja jeusi, bapa, laini.
Nikamuambia fundi, "Papa, pasua hili na mashini, tuone ndani."

Likang'aa. Nilifurahi, sitadanganya.

Hapo Mama Riziki akarudi na maji. Yeye njo ule mama wa kutoka kijiji cha Muheto tuliyemupokea na watoto wake wakati vita iliwafukuza.

Akaniambia, "Mama, hilo ni jiwe langu la kusagia."

Siku ya kukimbia vita aliacha mbuzi, aliacha nguo, akabeba mugongoni jiwe la mama yake.

Na mimi nikajibu nini? "Nitakununulia ingine." Hata fundi aliangalia chini.

Akasema polepole, "Haina shida, Mama. Nyumba ni yenu."

Yenu. Na mimi kila siku namuambia hapa iko kwake.

Jioni nikamukuta anasaga mahindi juu ya nusu ya lile jiwe, unga unamwagika pale palipokatwa. Nilikuja kuomba musamaha. Nikapiga magoti, nikashika ungo chini ya ule upande, nikakinga unga.

Hakuniangalia. Hakunifukuza pia.

Munisaidie, wandugu: kesho nikienda kumuomba musamaha, nianze na neno gani?