Bakuli la Suzan

Kwanza niwatoe hofu: hakuna aliyeumwa, na kazi bado ninayo. Nalinda geti la ziwa moja huku ughaibuni, Walthamstow. Mashua zimepigwa marufuku kwa sababu ya kome wa kigeni, wale wa magamba wanaong'ang'ania mashua, wanaozaliana ovyo na kuziba mabomba. Hatoki mtu pale hata na kome mmoja; kwa ukali wangu, nilishawahi kumvua viatu mzee wa watu nivikague.

Juzi msimamizi wangu, Suzan, alinipa keki kwenye bakuli lake. Mimi Mpemba, bakuli la watu silirudishi tupu. Ofisini palikuwa na ndoo ya kome waliokwanguliwa ziwani. Nikaona hawa Wazungu wanataka kutupa chakula! Nikawabeba nyumbani, nikawapika kwa nazi na ndimu.

Asubuhi nikamrudishia Suzan bakuli limejaa; akala mbele ya wenzetu, akakomba mchuzi kwa mkate.

"Juma, watamu! Umewanunua wapi?"

"Hapa hapa karibu," nikajibu, kichwa kimevimba.

Akafuta mdomo, akatazama pembeni. "Na ile ndoo yangu iko wapi? Wataalamu wanakuja kuwapima wale kome kama wana sumu."

Wote wakaligeukia bakuli. Lilikuwa tupu.