Nozeli ya Tatu

Kaka yangu Gervasi alizaliwa Mwamgongo, kijiji cha ziwani ambako mtu huingia kwa mtumbwi na kutoka kwa mtumbwi, na gari aliliona kwa mara ya kwanza ndevu zikiwa zimeshaanza kumtoka. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaodhani udereva ni kitu cha kuzaliwa nacho mjini. Yeye alianza kwa kubeba magunia bandarini Kigoma, akawa utingo wa lori la mfanyabiashara mmoja, akalala chini ya lori hilo njia nzima ya Kasulu na Kibondo, na mwaka uliofuata Uhuru akapata leseni. Mama alipoiona ile leseni aliigeuza huku na huku, akauliza kama inafaa na kwenye mtumbwi. Gervasi alicheka tu. Hakuwa mtu wa kujisifu. Kazi hiyo aliniachia mimi, na ninaifanya kwa moyo wote mpaka leo.

Operesheni ya vijiji ilipotukusanya Kidahwe, Gervasi aliitwa aje kuendesha lori la kijiji. Lilikuwa lori kuukuu la dizeli, la kijani, limeandikwa JITEGEMEE juu ya kioo cha mbele, na kijiji kizima kilikuwa kimejinyima ili kulipata. Lilishuka Kigoma na magunia ya maharage na mapipa ya mawese, likapanda na chumvi, sabuni na dizeli yake lenyewe. Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, Gervasi aliliwasha akasimama kando ya boneti, kichwa kimeinama, akalisikiliza kama mama anavyosikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi. Ukimsalimia "Mwakeye!" wakati huo, alikunyooshea kidole usubiri. Wengine walimwona ana maringo. Mimi nilimwona yuko kazini.

Mwaka wa sabini na tano, baridi ya Julai iliposhuka vilimani, Jitegemee likaanza kuugua. Asubuhi liliwaka kwa shida, likatoa moshi mweupe, likatetemeka, na likifika mlima wa kwanza linazimika. Na maharage yetu yalikuwa tayari ghalani. Tulikuwa tumetengewa behewa stesheni ya Kigoma, na behewa halimngoji mtu. Likiondoka tupu, jasho la Kidahwe lote lingebaki kuliwa na wadudu.

Mwenyekiti wetu, Leonardi, akaitisha mkutano mbele ya ghala. Aliyeanza kusema ni katibu, Filemoni, maana alikuwa ndiyo kwanza ametoka Kigoma na maneno mapya.

"Ndugu zangu, nimewauliza madereva wa mjini. Moshi mweupe na kukosa nguvu, hizo ni nozeli. Ndizo zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, na zikichafuka gari halina maisha. Zifunguliwe zote, zipelekwe Ujiji kwa fundi Mwinshehe. Yeye ana mashine ya kuzipima na kuzisafisha."

Hakuna aliyebisha kwamba Mwinshehe ni fundi. Injini za boti za pwani yetu yote zilipita mikononi mwake. Tabu ilikuwa foleni. Kijiji cha jirani kilifungua nozeli zote za lori lao mwaka uliotangulia, na wakati zinasubiri zamu, lori likapandishwa juu ya mawe. Mtu akaazima betri, mwingine akaazima tairi, na nozeli ziliporudi zilikuta kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Sote tulikuwa tumeliona lori lile. Ukipita pale unageuza uso.

"Ndugu Gervasi," mwenyekiti akasema, "wewe ndiye dereva. Nozeli zinahitaji fundi au hazihitaji? Sema moja tujue."

Gervasi alisimama, akavua kofia.

"Sijui bado."

Watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti kwamba kumbe tumempa gari mtu asiyelijua. Nilisimama nikawauliza ni nani kati yao amewahi kuligusa boneti lile zaidi ya kulikalia akitafuna mua, na ningeendelea kama kaka asingenitupia macho yale ya Mama. Nikakaa. Sikunyamaza, lakini nikakaa.

"Ndugu mwenyekiti," akasema, "nozeli ikifunguliwa ovyo inaingia vumbi, na hapo ndipo inapoharibika kweli. Nipeni kesho na keshokutwa. Nikishajua nitasema."

Leonardi alikubali, lakini aliongeza mbele ya watu wote kwamba maharage yakilikosa behewa, Kidahwe itatafuta dereva mwingine. Gervasi akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake, akaenda zake kwenye lori.

Kesho yake alishinda nalo. Asubuhi lilikohoa na kuzimika kama kawaida. Akaliacha juani. Jua lilipokuwa la utosi akaliwasha tena, likawaka mara moja, akalipandisha mlima ule ule ulioshindikana asubuhi. Watu wakashangilia wakidhani limepona. Yeye alirudi amekunja uso.

"Vene," aliniambia, maana ndivyo alivyolikata jina langu la Veneranda tangu utotoni, "nozeli ikiwa chafu asubuhi, na mchana ni chafu. Haiwezi kupona kwa kuota jua. Mle ndani kuna kitu kinachoogopa baridi."

Alfajiri iliyofuata, ubaridi ukiwa bado umekaa, aliziacha nozeli akafungua chujio la dizeli. Kisha akaja mlangoni kwangu na kitu kwenye ncha ya kidole, rangi ya chungwa, kimeganda.

"Onja."

"Nionje dizeli, kaka? Umeamkaje wewe?"

"Onja kwanza, utanitukana baadaye."

Nikaonja. Chini ya ukali wa dizeli niliikuta ladha ile nzito ninayoijua tangu nikiwa mgongoni kwa mama yangu. Mawese.

Hapa sina budi nieleze, maana sidhani kama jambo hili lingetokea Moshi au Mwanza. Sisi wakamuaji tulishusha mawese yetu Kigoma kwa mapipa ya kijiji, na mapipa hayo hayo yalirudi na dizeli. Nani angeyarudisha matupu? Tuliyaosha kwa maji ya moto na majivu, tukaridhika, kumbe masalia yalikuwa yamejificha kwenye maungio. Dizeli ilichujwa kwa kitambaa ikimiminwa kwenye tangi, lakini ilichujwa mchana, lori likitoka mjini, na mchana mawese yameyeyuka yanapita kitambaani bila kizuizi. Baridi ikiingia, yanaganda. Kila mwanamke wa Kidahwe anajua kwamba asubuhi za Julai chupa ya mawese husogezwa jikoni kwanza ndipo mafuta yatoke. Tulilijua jambo hilo kwenye sufuria, hatukulifikiria kwenye lori. Aliyeyaunganisha mawili hayo ni kaka yangu, mwanamume asiyeweza hata kuunga maharage.

Tangi likamwagwa, likasuuzwa, chujio likaoshwa, dizeli ya pipa jipya ikatiwa. Asubuhi iliyofuata Jitegemee likawaka kwenye baridi ile ile. Leonardi akatangaza papo hapo kwamba hakuna tena habari ya fundi wala ya Ujiji, watu wapakie magunia. Vigelegele vikapanda. Mimi nilipiga vyangu mpaka koo likaniwasha.

Gervasi alikuwa kando ya boneti, kichwa kimeinama, kidole kimenyooka. Tusubiri.

Akachukua spana. Injini ikiwa inanguruma, alilegeza nati ya bomba linalopeleka dizeli kwenye nozeli ya kwanza, ili ikose dizeli. Sauti ikabadilika, injini ikachechemea. Akaikaza. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu akailegeza, na injini haikujali kabisa, ikaendelea na mguno wake kana kwamba hakuna aliyeigusa. Hata mimi nililisikia hilo. Alikwenda mpaka ya mwisho, akarudi kwenye ya tatu, hali ni ile ile.

"Sasa najua," akasema. "Hizi nyingine ni nzima, zisiguswe. Hii ya tatu hata ikikosa dizeli injini haina habari; mawese yameungua yakaigandia mdomoni. Hii ndiyo inayohitaji fundi."

Furaha ikashuka. Watu walikuwa wameshaanza kubeba magunia.

"Lakini linatembea, ndugu," Filemoni akasema. "Na behewa je?"

"Linatembea tupu. Likibeba mzigo litatuachia mlimani, na nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza inaunguza pistoni. Hapo hatutakuwa na lori kabisa."

Filemoni, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa na haraka, alichomoa waya wa breki kwenye baiskeli yake akamkabidhi. Kila mtu aliona ni akili: chokonoa kitundu, funga, twende zetu. Gervasi aliutazama ule waya, akamrudishia kwa heshima.

"Kitundu chake ni chembamba kuliko unywele. Nikikichokonoa kitapanuka, na hakirudi tena. Mimi najua kuifungua na kuifunga, ndugu katibu. Kuisafisha sijui."

Aliyasema maneno hayo mbele ya kijiji kizima, behewa likiwa linasubiri na kazi yake ikiwa hatarini, kwa sauti ya mtu anayesema leo ni Jumanne. Nilimwonea fahari mpaka machozi yakanitoka. Wapo watu wangelichokonoa lori la kijiji ili tu wasilitamke neno hilo.

Akafuta vumbi pande zote, akaifungua nozeli ya tatu peke yake, akaziba tundu lililobaki. Aliomba kitambaa safi cha kuifungia. Nilikuwa na kanga mpya ambayo sijaivaa hata mara moja, nikaipasua upindo mbele yao wote. Akapanda baiskeli ya Filemoni, waya wa breki umerudishwa mahali pake, akashuka Ujiji.

Yaliyotokea huko Gervasi hakuyasimulia. Nimeyapata kwa Mwinshehe mwenyewe, siku nilipokwenda soko la Ujiji nikapita kumsalimu. Anasema Gervasi aliwakuta wenye boti wa Kibirizi wamekaa barazani na injini zao, wengine wameshazoeana kama wapangaji. Kaka akaamkia, akafungua kitambaa.

"Nyingine ziko wapi?" fundi akamuuliza.

"Nyingine nzima, mzee."

"Nani kasema?"

Gervasi akamweleza: asubuhi na mchana, chujio, mawese, nati moja moja. Mwinshehe akaifunga nozeli kwenye mashine yake, akabonyeza mkono wa pampu. Badala ya kutoa ukungu, ikadondosha upande mmoja. Basi fundi akaweka kando injini aliyokuwa nayo, akaanza kuisafisha hapo hapo. Mwenye boti mmoja akaja juu, akauliza foleni ina maana gani.

"Wewe umeniletea injini nzima nikutafutie ugonjwa," Mwinshehe akamjibu. "Mwenzako kaja na ugonjwa wenyewe mkononi. Kwake ni kazi ya mara moja. Tulia."

Alipoibonyeza tena ikatoa ukungu mwembamba uliosambaa sawasawa. Mwinshehe aliniambia kwamba katika miaka yake yote Ujiji, huletewa nozeli zilizochokonolewa kwa sindano, kwa misumari, hata kwa miiba ya ndimu. Ile ya Kidahwe ilikuja safi, imefungwa upindo wa kanga. "Nikajua kwao kuna watu," akasema. Nilimwambia kanga ilikuwa yangu.

Kesho yake asubuhi, kwenye baridi, Jitegemee lilipanda mlima likiwa na magunia mpaka juu, bila moshi, bila kukohoa. Maharage yaliliwahi behewa. Mapipa ya dizeli yakapakwa rangi nyeusi, na mwanamke atakayetia mawese humo, Leonardi alisema, atayanywa mwenyewe.

Lakini sikukusudia kuandika habari za mapipa. Mwaka uliofuata, siku ya kupakia mawese, lori lilianza kupiga kelele ngeni chini ya giaboksi. Kijiji kikakusanyika tena, na mwenyekiti akauliza kama mwanzo: kuna ubovu gani, ndugu Gervasi? Kaka yangu akavua kofia.

"Sijui bado."

Niliwageukia watu nikiwa tayari kwa vita. Hakuna aliyecheka. Leonardi alivuta kigoda akakaa, Filemoni akakaa, watu wakatua mizigo yao chini. Mtu mmoja aliyetoka njiani bila kujua kinachoendelea akasalimu kwa sauti, na mwenyekiti mwenyewe akamnyooshea kidole asubiri.