Povu kwenye Picha ya Mama

"Mtu gani anainuka kitini na nusu ya ndevu zake?" kaka yangu alinilalamikia, wembe bado wazi mkononi. "Ametoka na taulo langu shingoni, amenipita mbele ya wateja kama mimi kigingi. Halafu wewe unaniuliza mimi nimefanya nini."

"Nakuuliza kwa sababu nimempita hapo nje analia. Fundi si mtu wa kulia kwa kukatwa kidevu."

"Sijamkata. Wembe wangu haukati watu."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomharibu. Kaka alikuwa kinyozi wa wembe wa kukunja, na mtaa mzima ulimwita Taratibu, maana ukikaa kwenye kiti chake ujue umeaga nyumbani. Alipiga povu kwa brashi mpaka likasimama lenyewe, akavuta ngozi kwa kidole gumba, ndipo akashusha wembe. Kila akiushusha mara mbili tatu lazima aufute, kwa sababu wembe uliojaa povu hauoni njia. Wenzake waliuchovya kwenye kikombe cha maji. Yeye alisema kikombe kile ni supu ya ndevu za watu. Alitandika kipande cha gazeti begani kwa mteja, akafutia hapo: upande huu, akageuza, upande ule, bila kutazama, kama mtu anayepaka siagi mkate. Magazeti ya zamani alipewa na mwenye duka, akayakatakata asubuhi huku anasikiliza redio. Kusoma hakuyasoma. Kwake karatasi ilikuwa karatasi tu.

Fundi naye alikuwa fundi cherehani. Duka lake na la kaka ni ukuta mmoja. Cherehani ikinguruma, chupa za kaka zilitikisika rafuni. Walikuwa marafiki tangu ujana, wa kutaniana mpaka wapita njia wanasimama kuamua ugomvi.

"Ninyoe vizuri, wasiseme nimetoka jela."

"Jela wangekuvika suruali iliyonyooka kuliko hizo unazoshona."

Basi mama yake Fundi alikuwa amefariki, na watoto wake wakatoa tangazo gazetini lenye picha yake, amejifunga kitambaa, anatabasamu kidogo kama aliyelazimishwa. Kaka mwenyewe alilibeba jeneza. Miezi kadhaa baadaye gazeti lile likafika kwenye mkasi wake.

Siku hiyo shavu la kulia lilikuwa limekwisha. Fundi akageuza macho begani, akamwona mama yake. Povu limemziba mdomo na pua, limejaa ndevu za mwanawe. Macho tu ndiyo yalibaki. Akasema, "Acha." Kaka akadhani anawashwa. Akafuta wembe tena palepale, juu ya macho. Fundi akakitoa kile kipande begani, akatoka nacho.

Mteja aliyekuwa kwenye benchi ndiye aliyeniambia, nami nikamwambia kaka. Akaukunja wembe. Kisha akasema, "Gazeti ni gazeti. Ningejuaje?"

"Nenda kamwambie hivyohivyo. Ila anza na samahani."

"Arudi amalizie ndevu, tutaongea."

Hakurudi. Kesho yake mkewe alileta taulo, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa pembe nne. Mwanamke yeyote anajua taulo la namna hiyo ni tusi: maana yake hatudaiani tena. Kaka akalitundika ukutani, akasema, "Angalau wamelifua."

Lakini hakutandika gazeti tena. Alinunua kitambaa cheupe cha pamba, akawa anafutia hicho na kukifua kila jioni. Aliyeuliza aliambiwa ni usafi. Yule aliyestahili kuambiwa ukweli hakuambiwa kitu. Miaka ikaenda, wanapishana mlangoni, "Habari," "Nzuri," basi. Fundi akawa anajinyoa mwenyewe kwa nyembe za bei rahisi, shingo imejaa vipele, na kaka alikuwa akiiona shingo ile anaumia.

"Anajinyonyoa kama kuku," aliniambia.

"Si uende."

"Nitaenda kesho."

Kesho yake hiyo iliota mvi. Kisha Fundi akapooza miguu, duka likafungwa, ukuta ukawa kimya. Siku moja mchana nilimkuta kaka amekaa kwenye kiti cha wateja, anazitazama zile chupa zisizotikisika. Akatia brashi, wembe na kitambaa kwenye mfuko. "Dada, nisindikize." Mzee mzima, anaogopa mlango.

Fundi alikuwa kitandani, ameegemezwa mito, ndevu zimefika kifuani.

"Nani amekufa," akauliza, "mpaka Taratibu amekuja kwangu?"

"Nimekuja kukunyoa."

"Kwani mimi nina kinyozi?"

Kaka akakaa ukingoni mwa kitanda. "Siku ile sikutazama. Ningetazama nisingemfutia povu mama. Na nilipoambiwa niliona haya, haya ikageuka jeuri. Nisamehe, ndugu yangu."

Fundi akajivuta juu kidogo kwenye mito.

"Nilijua hukumwona," akasema. "Nilijua kabla sijafika nyumbani. Nilichokuwa nasubiri ni wewe kuzunguka ukuta. Mlango na mlango, bwana. Umenisubirisha mpaka miguu imekufa, hata ningetaka kukufuata mimi siwezi tena."

"Umenisamehe?"

"Kusamehe nimesamehe zamani. Hiyo miaka ndiyo nani ataturudishia? Haya, nyoa, nawashwa."

Kaka alipiga povu. Akavuta ngozi kwa kidole gumba, kama zamani. Kile kitambaa alikitandika kwenye mkono wake mwenyewe. Akashusha wembe, akaufuta, akakitazama kitambaa. Akaushusha, akaufuta, akakitazama tena. Alitazama kila mara, mpaka uso wote ukawa safi.

Mke wa Fundi akauliza, "Shemeji, tukupe nini?"

"Msimpe kitu," Fundi akasema, amefumba macho. "Mpeni chai. Na iwe ya moto sana, asiimalize haraka."