Jina la Mzungu Tusiyemjua

Kila mwalimu mgeni anapokuja shuleni kwetu hapa Doha, kuna dakika moja ninayoipenda. Anasoma majina, anafika kwenye langu, anainua macho kumtafuta mzungu. Yuko mmoja tu darasani, kakaa karibu na dirisha, na jina lake ni lingine kabisa. Mwalimu anamtabasamia. Mimi, Mkenya mweusi kama sufuria ya githeri iliyopikiwa kuni, namwacha atabasamu mpaka achoke, ndipo nasema, "Niko."

Jina letu la ukoo ni la Uskoti. Au la Ayalandi. Hakuna aliyekuwa na hakika, na hakuna aliyejali, mpaka Mama akapata mimba.

"Huyu hatabeba jina la mkoloni," Baba alisema tukila. "Nitamwandikisha jina la kwetu."

"Na mimi?"

"Wewe uko kwenye pasipoti tayari."

Alisema hivyo kana kwamba mimi ni ukuta uliopakwa rangi mbaya na fundi ameshalipwa. Nilikuwa nimekaa miaka kumi na tano bila ndugu. Nilitaka mtoto huyu tuitwe jina moja, nikimbeba uwanja wa ndege nisiulizwe nimemtoa wapi. Nikabishana hadi wali ukapoa. Mwishowe Baba akaweka kijiko chini.

"Haya, wakili. Niambie mzungu huyo alikuwa nani, na kwa nini alimpa babu yangu jina lake. Kama alimpa jinsi mtu anavyompiga ng'ombe chapa, litaishia kwako. Una muda mpaka mama yako ajifungue."

Mama, aliyekuwa amewekelea miguu kwenye kiti cha pili, akasema yeye hangemzuia mtoto akiamua kuja mapema. Kwa hiyo nilikuwa na wiki saba, pengine sita.

Nilianza na mwalimu wa jiografia, ambaye ni Mskoti. Aliniambia bila kusita kwamba jina hilo ni lao, akanichorea ubaoni pwani ya kaskazini walikotoka watu wa ukoo huo. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mwenye shamba. Siku mbili baadaye, muuguzi Mwairishi anayefanya kazi na Mama alikuja kunywa chai kwetu, mtaa wa Al Mansoura. Nikamwonyesha ile ramani niliyoinakili. Alicheka hadi akaomba kitambaa. Jina ni la Ayalandi, alisema, Waskoti waliliokota tu. Kisha akaongeza kwamba watu hao walivuka bahari kwenda na kurudi miaka mingi sana, na pengine hata wenyewe hawakujua ni wa upande gani.

"Kwa hiyo hujui," Baba alisema.

"Ninajua pande mbili."

"Hujui mara mbili."

Aliyebaki ni Babu, aliyeko Molo, kule Kenya. Wa kwanza kubeba jina hilo alikuwa baba yake. Tatizo ni kwamba mtandao wa Babu hukatika kila swali linapokuwa gumu. Ukimuuliza kuhusu viazi, unamsikia vizuri kama yuko jikoni. Ukimuuliza kuhusu jina, anasema, "Lilikuwa la bwana mmoja," halafu haloo, haloo, kimya. Baba alikuwa amemuuliza mara moja tu ujanani, akaambiwa aende akaangalie ng'ombe. Hakuuliza tena. Mtoto hamkabi baba yake kwa maswali.

Lakini mjukuu ana ruhusa. Mimi na Babu tuna utani wetu: ananiita mke wake, nami namwambia mahari yangu imempita uwezo. Ijumaa, siku ya simu, nilijifungia chumbani nikampigia mapema, kabla Baba hajarudi kutoka kanisani, maana hapa ibada ni Ijumaa. Kama kawaida, kwenye kioo cha simu nikaona paji la uso wake tu.

"Mume wangu," nikasema, "nina habari mbaya. Nimesoma kwenye intaneti. Jina letu ni la mwizi wa ng'ombe. Mzungu alimwibia kila mtu mpaka akafukuzwa, na baba yako ndiye aliyekuwa akimshikia taa."

Ulikuwa uongo mtupu, nilikuwa nimeutunga nikipiga mswaki. Paji la uso likashuka, nikaona macho, halafu mdomo.

"Nani amesema hivyo? Baba yangu hakumshikia mtu taa. Hata hakumjua mzungu mwenyewe."

"Sasa alimpaje jina?"

Mtandao haukukatika. Babu alitazama nyuma yake, kisha akashusha sauti, ingawa serikali aliyokuwa akiihofia ilishafunga virago kabla Baba hajazaliwa.

Baba yake alikuwa mpishi kwenye shamba la mzungu mmoja mkali. Siku moja kulikuwa na mnada shamba la jirani, ambalo mwenyewe alikuwa amekufa au amerudi kwao, na mpishi akabadilisha kondoo dume kwa koti zito la sufu. Ndani ya kola palikuwa na jina limeshonwa kwa uzi mwekundu. Mwaka uliofuata alitaka kuondoka, bwana akakataa. Kipande chake, kile cheti ambacho mtu mweusi hakuweza kutembea bila hicho, bwana alikuwa amekifungia kwenye droo. Basi akaondoka bila kipande, amevaa koti lake. Alipofika shamba la mbali na karani akamuuliza jina, hakuthubutu kutaja lake, maana lilikuwa linatafutwa. Akageuza kola, akamwonyesha.

"Akatuambia tusimwambie mtu," Babu alisema. "Askari wangekuja. Mimi nimenyamaza mpaka leo. Sasa wewe na intaneti yako mnamwita mwizi."

Nilimwomba msamaha kwa uongo wangu. Akasema mahari imepungua.

Nilipofungua mlango, Baba alikuwa amesimama pale koridoni, viatu vya kanisani mkononi. Sijui alisikia kuanzia wapi. Nikamweleza yote tena hata hivyo: hakuna aliyempa babu yake jina. Alilichukua mwenyewe, ndani ya koti alilolinunua kwa kondoo wake, ili aondoke.

 Baba mwenyewe alikuja nchi hii kuwa mlinzi, akakaa miaka miwili kwenye mabweni ya vibarua ya Industrial Area, hapa Doha, watu wanane chumba kimoja, pasipoti yake ikiwa kwenye droo ya kampuni iliyokataa kumwachilia ahamie kwingine. Huwa hazungumzii mambo hayo. Aliweka viatu chini, akavipanga vizuri kuliko vilivyohitaji.

"Na ni Mskoti au Mwairishi?" akauliza.

"Hakuna aliyeliuliza koti."

Mtoto alikuja wiki moja kabla ya siku yake, msichana, ana kidevu cha Babu. Baba alijaza fomu kwa herufi kubwa akikandamiza kalamu, kisha akanipa nikague. Nilikagua mara mbili. Tukakaa kwenye foleni ya kuandikisha, mimi nimembeba mdogo wangu. Karani akatoka na karatasi, akaita jina letu, akaangaza macho huku na huku akimtafuta mzungu.

Baba akanitazama. Tulimwacha atafute kidogo, halafu tukasimama.